Ulikuwa umesimama wapi?

Nilipoanza kuchora hapa Moshi nilisifiwa sana. Mama alinisifu, majirani walinisifu, wageni waliokuja kupanda mlima walisifu na kununua. Picha yenyewe ilikuwa ni ileile kila siku: theluji ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, juu, migomba na mibuni chini, mama amejitwika mkungu wa ndizi. Miaka mitatu nikaichora hivyo.

Kisha nikampelekea mzee mmoja, mchoraji aliyenitangulia mbali. Nikamwamkia, akaitikia, akaitazama kimya ile turubai muda mrefu mpaka nikaanza kutokwa na jasho.

"Ulikuwa umesimama wapi?" akaniuliza.

"Hapahapa Moshi, mzee."

Akanishika mkono tukatoka nje. Ilikuwa asubuhi, mawingu hayajaufunika mlima. "Mawenzi iko wapi?"

Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo, ilikuwa kulia. Kwenye picha yangu ilikuwa kushoto. Niliinakili kutoka kwenye kalenda yenye picha iliyopigwa Amboseli, Kenya, na huko mlima unautazama kutoka kaskazini, kwa hiyo Mawenzi inakaa kushoto kwa Kibo. Nilikuwa nimepanda migomba ya kwetu chini ya mlima wa upande wa pili. Kati ya wote walionisifu, na wengi wamezaliwa hapa, hakuna aliyeniambia.

Niliumia. Lakini kesho yake saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa nje na penseli, na tangu siku hiyo sijanakili kalenda tena.

Sasa na mimi nafundisha vijana, na naona wengi wanachanganya kukosoa na kuvunja moyo. "Picha yako mbaya" haimsaidii mtu, sawa na "nzuri sana". Maoni ya kweli yanagusa mahali fulani pa picha, tena mahali unapoweza kuweka kidole. Juzi binti mmoja alileta Kibo yake, akilalamika kwamba mlima unamwangukia mama aliyekaa mbele. Nikamwambia afumbe macho nusu, aitazame tena. Akaona mwenyewe: theluji aliipaka nyeupe ya kopo, sawasawa na kitambaa cha kichwani cha yule mama. Kitu cha mbali hufifia na kuvuta kwenye bluu kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Akachanganya nyeupe na bluu kidogo na chembe ya kahawia, akapaka theluji upya, na nyeupe safi akakiachia kitambaa. Mlima ukarudi nyuma. Kazi ya dakika kumi, ila angeweza kuihangaikia mwaka mzima peke yake.

Ndiyo maana naamini katika kukaa na fundi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na mwaka 1972 akafariki. Miaka minne tu! Lakini vijana waliokaa naye, baadhi yao ndugu zake, waliendelea, na mtindo wake umeenea Tanzania nzima. Walijifunza pembeni ya mkono wake, rangi ikiwa bado mbichi. Kosa likionekana hapo linafutwa kwa kitambaa. Likishakauka na kuwekewa fremu, unajifunza kulitetea.

Na mnunuzi msimhesabu kuwa mwalimu. Mgeni ananunua kinachoingia kwenye begi lake na kumkumbusha safari. Hela yake ni halali, nami naipokea kwa shukrani, ila haikuambii kama kivuli chako kiko sawa.

Kinachotukwamisha zaidi ni adabu. Kijana hamkosoi mkubwa, na mkubwa anamhurumia kijana. Kwa hiyo usimuulize mtu "unaionaje?", atakujibu kwa heshima. Muulize jicho lake limeanzia wapi, na wapi limekwama. Tena mpelekee kazi ambayo haijaisha. Mficha uchi hazai.

Kwangu tunaanza na picha yangu. Mwezi uliopita nilikuwa nachora soko saa sita mchana, kijana mdogo kuliko wote akanong'ona, "Mwalimu, shikamoo, lakini vivuli vya miamvuli ni virefu kama vya jioni." Alisema kweli, saa sita jua liko karibu utosini. Nikachukua kitambaa nikafuta, nikaanza upya, naye akasimama nyuma yangu akinitazama mkono mpaka mwamvuli wa mwisho.