Kufuta VLAN si kuhamisha poti

Msimu wa korosho ukiisha, ofisi nyingi za Mtwara na Lindi hupungua watu. Makarani wa muda wanaondoka, meza za ziada zinarudi stoo, na fundi wa mtandao anaitwa aondoe VLAN iliyofunguliwa Oktoba kwa ajili yao. Anaingia kwenye swichi, kile kifaa chenye matundu ya waya (poti) kinachounganisha kompyuta za ofisi, anaandika amri moja, anaaga: "VLAN 30 nimeshaifuta, mama, zile poti zote zimerudi kwenye mtandao wa kawaida." Aliposema ameifuta, amesema kweli. Aliposema poti zimerudi, kwenye swichi nyingi za Cisco tulizonazo huku, si kweli. Kauli hiyo nimeisikia Shangani, nimeisikia Masasi, nimeisikia Lindi mjini, na kila mara kuna ofisi inayokuja kuilipia baadaye.

VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi bila kununua swichi nyingine. Kompyuta za uhasibu zinasikiana zenyewe, za wageni zinasikiana zenyewe, japo zote zimechomekwa kwenye kifaa kimoja. Kinachozitenga ni nambari. Kiwango cha IEEE 802.1Q, kilichotolewa 1998, kiliipa nambari hiyo nafasi ya biti 12, ndiyo maana zinazotumika ni 1 hadi 4094. Kufuta VLAN ni kuitoa nambari hiyo kwenye orodha ya VLAN ambazo swichi inazitambua.

Lakini nambari yenyewe haikai kwenye orodha peke yake. Tuchukue hiyo 30. Imeandikwa kwenye orodha, na imeandikwa tena kwenye kila poti iliyoambiwa kuwa ni ya 30. Huenda imetajwa kwenye tranki, yaani ule mstari unaounganisha swichi na swichi. Ina intafesi yake yenye anwani ya IP, ikiwa swichi ndiyo inayoelekeza njia. Ukiandika `no vlan 30`, umegusa orodha tu. Kwingine kote 30 bado ipo.

Na hapo kwenye poti ndipo penye kero. Swichi ya Cisco haichukui poti za VLAN iliyofutwa na kuzipeleka VLAN 1, ule mtandao wa kawaida. Inaziacha zilivyo. Ni kama halmashauri imefuta mtaa kwenye daftari lake, lakini vibao milangoni bado vina jina la mtaa ule: mwenye nyumba yumo ndani, ila barua hazimfikii. Poti inabaki na nambari 30, na kwa kuwa 30 haitambuliki tena, haipitishi chochote. Ukiangalia `show vlan brief` hutaiona kabisa, si chini ya VLAN 1 wala chini ya nyingine yoyote. Fundi mwenye haraka anaona 30 haipo kwenye orodha, anaridhika. Angeangalia `show interfaces fa0/17 switchport`, angekuta poti ya 17 bado imeandikwa VLAN 30, na pembeni yake neno Inactive, yaani haifanyi kazi.

Miezi inapita. Mtu analeta printa mpya, anaichomeka ukutani, haipati mtandao. Wanabadilisha waya. Wanakata kichwa cha waya na kubana kingine. Kisha inakuja hukumu ambayo kila mtu wa pwani anaikubali upesi: chumvi ya bahari imekula poti. Chumvi inakula kweli, hilo halina ubishi, vichwa vya waya vya Mikindani vinaota kutu mapema. Lakini chumvi haichagui poti zilezile tu walizokalia makarani wa msimu. Kabla ya kuagiza swichi Dar es Salaam, ifungue tena VLAN 30 kwa muda. Poti iliyodhaniwa imekufa ikizinduka papo hapo, utajua haikuwa na ugonjwa wowote.

Siwalaumu sana wanaoamini kwamba poti hurudi zenyewe, maana imani hiyo ina chanzo. Kwenye swichi za HP za jamii ya ProCurve, ukifuta VLAN yenye poti, swichi inakuambia poti hizo zitahamishiwa VLAN ya kawaida na inakuuliza kama uendelee. Aliyeanza kazi kwenye vifaa hivyo ameona kwa macho yake poti zikirudi. Kosa ni kubeba tabia ya kifaa kimoja kwenda kwenye kingine bila kuangalia.

Kuitoa VLAN kwenye tranki nako watu hukuita kufuta, na si kufuta. Amri `switchport trunk allowed vlan remove 30` inazuia 30 isipite kwenye mstari ule tu, lakini huku iko hai na kule iko hai. Lile neno remove lisisahaulike. Ukiandika amri hiyo bila remove, umeiambia tranki ipitishe 30 peke yake, na VLAN nyingine zote zimekatika. Ukiwa Lindi mjini unashughulikia swichi iliyoko Nachingwea kwa njia ya tranki hiyohiyo, umejifungia nje, na sasa ni safari.

Wapo pia wanaosema wamefuta kila kitu kwa sababu wamefuta mipangilio na kuwasha swichi upya. Kwa kawaida VLAN za 1 hadi 1005 kwenye Cisco zinatunzwa kwenye faili lake, `vlan.dat`, na kufuta mipangilio ya kuwakia hakuligusi. Ndiyo maana swichi ya mitumba inaweza kukufikia na VLAN za mwenyewe wa zamani, ingawa muuzaji anaapa ameisafisha. Faili hilo linafutwa lenyewe, halafu ndipo swichi inawashwa upya. Hata hapo VLAN 1 itabaki, na 1002 hadi 1005 zitabaki, kwa kuwa hizo hazifutiki. Zisikusumbue.

Na kama ofisi inatumia VTP, yaani utaratibu wa Cisco wa swichi kupeana orodha ya VLAN, uliza kwanza swichi iko hali gani. VLAN ikifutwa kwenye swichi iliyo katika hali ya seva, inafutika kwenye swichi zote za kikoa chake, yaani kundi lake, zinazoisikiliza, pamoja na ile ya tawi ambalo bado linaitumia. Kwenye hali ya transparent, ufutaji unaishia palepale.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, mpangilio ni huu: hamisha poti kwanza uzipeleke zinakotakiwa, au uzizime kama hazina mtu. Kisha itoe 30 kwenye tranki, ondoa intafesi yake kwa `no interface vlan 30`, na mgao wake wa anwani kwenye ruta. `no vlan 30` iwe ya mwisho. Ukishamaliza, pitia `show interfaces status` poti kwa poti kabla ya kumwambia mama chochote. Na kama siku hiyo umeandika ile amri moja tu, mwambie hivyo hivyo: VLAN imefutwa, poti bado sijazihamisha, nitarudi kesho. Ataelewa, na atajua kwa nini poti ya 17 haifanyi kazi.