Kishikwambi hakiuoni mnara: kurusha intaneti ya simu kwa waifai

Mwalimu mmoja wa Mikindani aliniletea kishikwambi chake kibandani kwangu hapa Mtwara mjini akiamini kimeharibika. "Fundi, waifai imejaa mpaka juu, lakini ukurasa haufunguki," aliniambia. Nilikiunganisha na simu yangu, ukurasa ukafunguka papo hapo. Nikamuuliza, "Mwalimu, ukiwa nyumbani simu unaiweka wapi?" Akajibu kwamba huiweka juu ya kabati, chumba cha ndani, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe yenye kuta nene.

Tangu vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 vilipopelekwa kwa walimu, swali hili limekuwa likinijia mara kwa mara, kwa sababu wengi ninaowahudumia hawaoni haja ya kununua bando mara mbili, moja la simu na jingine la kishikwambi. Wanawasha hotspoti ya simu, yaani simu inarusha intaneti yake kwa waifai, na wanafanya vyema. Ila ni lazima ifahamike kwamba hapo pana njia mbili: ya kwanza ni kati ya mnara na simu, na ya pili ni kati ya simu na kishikwambi. Ile alama ya waifai iliyo kwenye kioo cha kishikwambi hupima njia ya pili peke yake. Kishikwambi hakiuoni mnara. Kinaiona simu tu, nayo ikiwa hatua tatu kutoka kilipo, alama itajaa hata kama simu yenyewe haipati mtandao kabisa. Kwa hiyo anza kuangalia alama za mtandao kwenye simu, kisha uihamishie simu pale inapoupata mnara vizuri, hata kama ni dirishani, nawe ubaki ndani na kishikwambi chako.

Wapo wanaolalamika kinyume chake, kwamba jina la simu halitokei kabisa kwenye orodha ya waifai. Mara nyingi sababu ni bendi, yaani masafa ambayo waifai hurushwa. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha kwa gigahezi 5, ambayo ina kasi zaidi lakini hudhoofika upesi inapokutana na ukuta, ilhali vishikwambi vingi vya bei nafuu hupokea gigahezi 2.4 tu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, uchague 2.4, na jina litatokea. Kwa wenye iPhone, kuanzia iPhone 12 na kuendelea, kuna swichi ya kuongeza upatanifu iliyo kwenye ukurasa uleule wa hotspoti. Ukiiwasha, simu hurudi kwenye 2.4.

Jambo linaloniumiza zaidi ni bando la wiki kuisha usiku mmoja. Kishikwambi kimezoea kuamini kwamba waifai haina gharama, hivyo kikishaunganishwa huanza kusasisha programu, kupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni na kushusha video za magrupu ya WhatsApp, bila wewe kugusa kitu. Simu ya Android kwa kawaida hukijulisha kishikwambi cha Android kwamba data hiyo inalipiwa, lakini sikutegemei kujulishana huko, kwa kuwa zipo programu zinazoangalia tu kama ni waifai au la. Katika kishikwambi, fungua mipangilio ya waifai, gusa alama iliyo kando ya jina la simu yako, tafuta sehemu ya matumizi ya data, kisha uutaje mtandao huo kuwa ni wa kupimwa (metered), yaani data yake inalipiwa. Baada ya hapo ingia WhatsApp na uzuie picha na video kujipakua zenyewe unapokuwa kwenye waifai. Na video za masomo zishushe ubora: video inayokwenda kwa megabiti 2 kwa sekunde humaliza takribani MB 900 kwa saa moja.

Nenosiri liwe la herufi nane au zaidi, na lisiwe namba yako ya simu, ambayo mtaa mzima unaijua.

Kuna pia suala la laini mbili. Katika simu nyingi, ukipokea simu kwenye laini moja, data ya laini nyingine husimama mpaka umalize kuongea, na kishikwambi kitaendelea kuonyesha waifai iliyojaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Usianze kuzima na kuwasha; maliza mazungumzo kwanza.

Mwalimu wangu sasa huiweka simu kwenye dirisha la upande wa barazani, na kazi zake zinakwenda. Nilimwomba jambo moja tu: jua letu la pwani linapofika pale dirishani, aihamishie dirisha la pili lenye kivuli, na asiichaji wakati huohuo, kwa sababu hotspoti peke yake huipasha simu moto, na simu ikizidi kupata joto hupunguza kasi au huizima hotspoti yenyewe.