Mandhari ya Debian: yanayosemwa na yanayofanyika

Kila toleo jipya la Debian, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta, huja na sura yake. La 11 (Bullseye) lilivaa Homeworld, la 12 likavaa Emerald, na la 13 (Trixie) limevaa Ceratopsian. Kuhusu namna sura hizi zinavyopatikana, maneno ni mengi kuliko ukweli.

Dhana: Inayopendwa na wengi ndiyo hushinda.

Inategemea hao wengi wamehesabiwaje. Debian hutoa mwito wa mapendekezo, kisha washiriki huyapanga: la kwanza, la pili, la tatu. Bullseye ilipata mapendekezo 18 na majibu 5,613. Trixie mapendekezo 6 na majibu 2,817. Faida ya kupanga huonekana ukipiga hesabu. Tuseme wapiga kura ni 100: 40 wanataka picha A, 35 B, 25 C, na wote wa C wanaiweka B nafasi ya pili. Kura ya chaguo moja inaipa A ushindi. Ukizikutanisha A na B peke yao, B inapata 60. Picha mbili zinazofanana zikigawana wapenzi, ile ambayo wengi hawaitaki hupenya katikati.

Dhana: Kushiriki ni kutuma picha moja nzuri.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kinachochaguliwa ni seti nzima: picha ya skrini, ukurasa wa kuingilia, menyu ya GRUB (ya kuchagua mfumo wa kuwasha), picha ya Plymouth inayoonekana mashine ikiwaka, na bango la kisakinishi. GRUB haisomi SVG (picha ya maumbo, inayokuzwa bila kuharibika). Iandalie PNG (picha ya nukta) mbili, ya uwiano wa 4:3 na ya 16:9, na menyu isomeke vizuri juu yake. Kwenye Plymouth acha nafasi, kwani mwenye diski iliyosimbwa huandikia nywila hapo hapo.

Faili asilia iwe SVG, maana vitahitajika vipimo ambavyo hukuviwaza. Maandishi yageuze kuwa maumbo ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea SVG (Shift+Ctrl+C), la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako itaweka yoyote iliyonayo. Tunza pia nakala inayoharirika. Rangi zinazofifia polepole huacha mistari-mistari kwenye PNG. Nyunyizia chembechembe kidogo, mistari itapotea. Na usijaze vitu kona ya juu kushoto: Xfce, mojawapo ya mazingira ya eneokazi, hupanga ikoni zake huko, na zikizama humo hazionekani.

Dhana: Picha yoyote ya bure mtandaoni inafaa.

Bure si huru. Leseni ya Creative Commons (CC) yenye NC (si kwa biashara) au ND (isibadilishwe) hukataliwa, kwa kuwa mtu yeyote ana ruhusa ya kuuza diski za Debian na kubadilisha kilichomo. CC BY-SA 4.0 inapita. Kipande cha picha ya mtu mwingine ulichokichomeka ndani nacho hukaguliwa.

Dhana: Mshindi hulazimishwa kwa kila mtu.

Picha uliyoiweka mwenyewe haiguswi. Mandhari ya zamani nayo hubaki ndani ya kifurushi cha desktop-base. Ukiitaka, andika:

`sudo update-alternatives --config desktop-theme`

Chagua namba, kisha endesha `sudo update-grub`, vinginevyo menyu ya kuwashia itabaki na sura ya awali. Plymouth ina amri yake, kwa mfano `sudo plymouth-set-default-theme -R emerald`. Ukiisahau hiyo -R, utawasha mashine na kukuta picha ile ile.