Faili lipo, kompaila inasema halipo

Ujumbe wa kosa wa kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, ulikuwa mfupi: ujumbe.h halipatikani. Nikaingia kwenye saraka ya kazi, nikaorodhesha mafaili, na ujumbe.h limekaa palepale, zima, halina kasoro. Nikaendesha upya make, zana inayosimamia ujenzi wa programu, bila kugusa chochote. Programu ikajengeka hadi mwisho. Timu yetu iliishi hivyo kwa wiki kadhaa. Kazi ya ujenzi kwenye seva ikifeli, mtu anabonyeza kitufe cha kurudia, anasubiri ipite, anaendelea na shughuli zake.

Nami nilibonyeza, nakiri. Ubaya wa kitufe kile ni kwamba kinafuta ushahidi: saraka inasafishwa, na ile hali iliyoleta kosa inaondoka nayo.

Ukiiambia make -j16, unairuhusu kuanzisha kazi hadi 16 kwa pamoja. Kuhusu ipi itangulie kumalizika, make haiahidi lolote zaidi ya ulichoandika mwenyewe kwenye Makefile, faili la maelekezo yake. Kuanzia hapo mwamuzi ni mpangaji wa kazi aliye ndani ya kerneli, moyo wa mfumo endeshi. Yeye ndiye anayegawa muda wa prosesa: anausimamisha mchakato huu katikati, anauingiza ule, wa tatu anauhamishia kiini kingine cha prosesa. Mchakato unaoandika faili na unaotaka kulisoma, kwake ni wateja wawili kwenye foleni. Hana habari kwamba mmoja anamtegemea mwenzake.

Kwetu vurugu zilishamiri baada ya seva kuwekewa kerneli mpya, kwa hiyo lawama zikaenda huko. Si ajabu. Linux ilikuwa na mpangaji aitwaye CFS tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007, na kuanzia toleo la 6.6 la mwaka 2023 zamu zinagawiwa kwa kanuni nyingine, EEVDF. Zamu zikibadilika kidogo tu, mbio za michakato ambazo mshindi wake alikuwa yuleyule kila siku huanza kumpata mshindi mwingine. Kosa lakini lilikuwemo miaka yote. Kurudisha kerneli ya zamani kungelifunika tu.

Kabla ya kusaka mpangilio, ondoa kwanza mambo mawili yanayofanana na haya. Ukiona mchakato umeuawa kwa ishara ya 9, au kontena (kisanduku kinachotenga programu ndani ya mashine) limetoka na namba 137, shuku kumbukumbu kwanza: kompaila nyingi mno kwa pamoja, RAM ikaisha. Na kompaila yenyewe ikianguka, kila mara mahali tofauti, angalia maunzi. Haitokei mara nyingi, lakini hutokea: mwaka 2012 Matthew Dillon wa mfumo endeshi wa DragonFly BSD aliandama miangukio ya namna hiyo hadi kampuni ya AMD ikathibitisha kwamba kosa lilikuwa ndani ya prosesa zake. Mimi hata hivyo sianzi na prosesa. Mara nyingi mno kosa ni langu.

Kwetu, make -j1 ilipita kila mara. Wengi huishia hapo, wakaiacha -j1 iwe dawa ya kudumu, na ujenzi wa dakika chache ukageuka wa nusu saa. Mimi nilichukua njia ya kinyume: kuuvuruga mpangilio kwa makusudi. GNU make 4.4, iliyotoka 2022, ina chaguo la --shuffle linalochanganya mfuatano wa kazi. Uzuri wake ni kwamba ikifeli inakuandikia namba ya mchanganyiko huo, na ukiirudisha namba ileile unapata mfuatano uleule. Jaribio la tatu lilifeli. Nikaitumia namba, likafeli tena, na tena. Sikumbuki lini nilifurahia kosa kiasi kile.

Makefile haikusema popote kwamba mtuma.o, moja ya matokeo ya kukompaili, inahitaji ujumbe.h, faili ambalo huzalishwa na skripti wakati wa ujenzi. Tulijiona salama kwa sababu tunatumia -MMD, chaguo la kompaila linaloandika tegemezi kwenye mafaili ya .d. Ila mafaili hayo hupatikana baada ya kukompaili mara ya kwanza! Ndiyo maana kompyuta zetu wenyewe, zenye mabaki ya ujenzi wa jana, hazikufeli kamwe, huku seva inayoanza na saraka tupu ikiteseka. Mstari mmoja, wa kuyaambia mafaili yote ya .o yasubiri ujumbe.h liwepo kwanza, ulitosha: $(OBJS): | ujumbe.h

Nikatangaza ushindi. Siku mbili baadaye kazi ikafeli tena, safari hii kompaila ikilalamika kwamba ujumbe.h limekatika katikati ya tamko. Nikalifungua: zima.

Hili --shuffle haikulinasa. Nikaendesha taskset -c 0 make -j16, yaani michakato 16 igombanie kiini kimoja, ili kila mmoja akatizwe mara kwa mara. Kosa likaanza kujitokeza mara nyingi zaidi. Kisha nikaweka sleep 2 ndani ya skripti, baada tu ya kulifungua faili na kabla ya kuliandika. Mwanya ambao kwa kawaida ni wa kufumba na kufumbua ukawa mlango wazi, na kila ujenzi ukafeli. Kwenye logi skripti ilionekana imeendeshwa mara mbili.

Kanuni yetu iliandikwa hivi, matokeo kushoto na chanzo kulia: ujumbe.c ujumbe.h: ujumbe.def. Ukiisoma unadhani ni kazi moja yenye matokeo mawili. Make inazisoma kama kanuni mbili zenye amri zinazofanana, na ikiruhusiwa kuzifanya sambamba, huzifanya. Mchakato wa pili ulikuwa unalifuta faili ambalo wa kwanza amelimaliza na kompaila tayari inalisoma. Tangu GNU make 4.3 unaandika &: badala ya : na mambo mawili yanakuwa kazi moja. Juu ya hilo, skripti sasa inaandika kwenye faili la muda, kisha inalibadilisha jina kwa mv ndani ya saraka ileile. Kubadilisha jina hakuna nusu. Msomaji hupata faili la zamani au jipya.

Jambo la kontena nalo lilichangia. Tulikuwa na -j$(nproc), na matoleo mengi ya amri ya nproc huhesabu viini bila kutazama kikomo cha muda wa prosesa ambacho kontena limewekewa kwenye cpu.max. Kontena lenye haki ya viini 4 kwenye mashine ya 64 lilianzisha kompaila 64. Foleni ndefu kiasi hicho ni taskset yangu ileile, bila mtu kuiomba. Sasa namba tunaiandika wenyewe.

Usiku kuna kazi inayojenga kila kitu kwa --shuffle juu ya kiini kimoja. Juzi imefeli kwenye kanuni ya nyaraka. Namba ya mchanganyiko nimeihifadhi; bado sijaigusa.