Jani la yungiyungi likitoboka, si lazima ziwa liwe linaumwa

Ukiona majani ya yungiyungi yametobolewa, yamekuwa kahawia na kingo zake zimechanika kama nguo kuukuu, ni rahisi kudhani ziwa limeingiliwa na ugonjwa. Mara nyingi sivyo, na haraka ya kutibu ndiyo inayoleta hasara.

"Jani lenye afya hudumu msimu mzima"

Halidumu. Jani linaloelea huishi wiki chache tu, na wadudu wakizidi huishi pungufu ya hapo. Wakati huo shina nene lililolala topeni linaendelea kuchipuza mengine. Kwa hiyo siku yoyote utakuta machanga yanajikunjua huku makongwe yanabomoka. Anayehesabu yaliyooza peke yake amehesabu nusu.

"Matundu yote ni ya mdudu mmoja"

Hapa ndipo pa kuinama ukatazame kwa makini. Tuchukue maziwa ya Ulaya. Mifereji iliyopindapinda juu ya jani ni ya mbawakawa aitwaye *Galerucella nymphaeae*. Hutaga mayai juu ya jani, mabuu wake weusi hula tabaka la juu na kuacha utando mwembamba chini, na hapohapo hukua hadi kuwa mbawakawa kamili. Utando ule ukioza, ndipo tundu huonekana.

Pakikatwa kipande chenye umbo la yai ukingoni, mshuku kiwavi wa nondo *Elophila nymphaeata*. Kipande hakukila: amekishona kwa hariri kikawa nyumba, naye yumo ndani, majini. Geuza jani utamkuta. Na kitundu cha mviringo chenye mayai yaliyokizunguka upande wa chini ni cha mbawakawa wa jamii ya *Donacia*. Mabuu wao huteremka hadi kwenye mizizi, wakachoma mmea kwa vijimiiba na kuvuta hewa iliyomo ndani yake. Kwangu hilo ni miongoni mwa mambo ya ajabu kabisa ziwani.

"Fukusi wa magugu maji wamehamia kwenye yungiyungi"

Hapana. Fukusi wa *Neochetina* hutegemea gugu maji, na yungiyungi si jamaa yake.

"Jani hufa kwanza, kisha huoza"

Kuoza huanza jani likiwa bado la kijani. Uso wa juu umepakwa nta. Upepo, mvua na meno ya wadudu vikiikwangua, kuvu na bakteria hupata mlango. Ndiyo maana jani moja huweza kuwa na nusu inayotengeneza chakula na nusu inayoyeyuka. Vipande vinavyozama huliwa na konokono na wadudu wa chini.

"Majani makuukuu hayana faida, yang'olewe"

Mwaka 1980 mtafiti John Dacey alichapisha alichokiona kwenye yungiyungi la manjano, *Nuphar*. Majani machanga husukuma hewa kwa shinikizo kupitia vikonyo hadi kwenye shina lililo topeni, mahali pasipo na oksijeni, kisha hewa hurudi juu kupitia majani makongwe. Kikonyo kimoja kiliweza kupitisha hadi lita 22 kwa siku. Jani unalotaka kulitupa ndilo dohani ya mmea. Kwenye bwawa dogo lililotuama, ondoa yaliyooza kabisa, maana yakiwa mengi hula oksijeni ya samaki. Ziwani, yaache.

"Dawa ya wadudu itamaliza tatizo"

Dawa ikiingia majini haichagui: inaweza kuua samaki, kereng'ende, na wadudu wanaowala hao mabuu unaowachukia.

Kinachostahili kukutia wasiwasi kiko chini. Majani mapya yakitoka tayari ni ya manjano, kikonyo kikachomoka kwa kuvutwa kidogo tu, na shina likawa laini lenye kunuka, hapo limeoza shina lenyewe. Toa mmea huo mapema, kabla haujaambukiza wenzake.