Supu ya kuku ya nyumbani: maswali kuhusu kuipika na kuihifadhi

Kuku gani anafaa, na achemke kwa muda gani?

Kuku wa kienyeji aliyekomaa, au kuku wa mayai aliyekwisha acha kutaga, hutoa supu nzito kuliko kuku wa kisasa wa wiki chache. Miguu, shingo na mifupa yenye gegedu isitupwe, kwa kuwa humo ndimo inamotoka jelatini inayoifanya supu igande ikiwekwa kwenye friji. Anza na maji baridi, engua povu la kijivu linalopanda juu, kisha punguza moto na uache ichemke polepole kwa saa 2 hadi 3.

Nikiiacha jikoni usiku kucha na kuichemsha tena asubuhi, kuna ubaya gani?

Ubaya upo, ingawa desturi hii imeenea katika nyumba nyingi. Kuchemsha huua bakteria walio hai, lakini baadhi yao, kama Clostridium perfringens na Bacillus cereus, huacha spora, yaani vijichembe vya bakteria vilivyolala ndani ya ganda gumu, zinazostahimili maji yanayochemka. Supu inapopoa taratibu ndani ya sufuria iliyofunikwa, spora hizo huchipua na bakteria huongezeka kwa kasi, hasa joto likiwa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Baadhi ya sumu wanazozitoa haziharibiwi na moto wa asubuhi, na supu yenye sumu hizo inaweza kunukia vizuri kabisa. Kwa hiyo supu isikae nje kwa zaidi ya saa 2 baada ya kuondolewa motoni, na katika joto linalozidi nyuzi 32, kama la Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, isizidi saa 1.

Nitaipozaje haraka sufuria nzima?

Ichuje kwanza, uondoe nyama na mifupa, kisha uigawe katika vyombo vipana, kina cha supu kisizidi sentimita 5. Viweke ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge, na ubadilishe maji kila yanapopata uvuguvugu. Ikipoa, ifunike na kuiweka kwenye friji, ambako itafaa kwa siku 3 hadi 4. Kwenye friza hubaki na ladha nzuri kwa miezi 2 hadi 3. Unapoipasha, ichemke kweli, na upashe kiasi kitakachonywewa tu. Asiye na friji apike ya kumalizwa siku hiyohiyo. Sioni njia nyingine ya kuaminika.

Je, naweza kuifunga moto kwenye chupa za kioo na kuiweka kabatini?

Hapana. Supu haina asidi ya kutosha, na ndani ya chupa isiyo na hewa spora za Clostridium botulinum, ambazo nyuzi 100 haziziui, zinaweza kutoa sumu inayopooza misuli, hata ya kupumulia.

Mgonjwa wa shinikizo la damu anaweza kuinywa?

Anaweza, mradi chumvi idhibitiwe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na vidonge vya supu vya dukani vina chumvi nyingi. Ni afadhali sufuria ipikwe kwa tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga bila chumvi, kila mtu akaitia kwenye bakuli lake. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka apewe yake bila chumvi wala vidonge hivyo.