Mechi ya kirafiki si bonanza: tunayoyaamini Mtwara kuhusu Taifa Stars, na ukweli wake

"Njomba, ile si mechi, lile ni bonanza tu."

Kauli hiyo niliisikia juzi kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Soko Kuu, hapa Mtwara mjini. Aliyeitoa ni kijana aliyevaa jezi ya Taifa Stars. Alikuwa anamjibu mzee mmoja aliyeuliza kwa hamu ni lini Stars wataanza kucheza mechi za kirafiki nyumbani kabla ya fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2027. Mzee hakubisha. Alikizungusha kikombe chake, akamalizia funda la mwisho, akatazama barabarani. Iliniuma, kwa sababu swali lake lilikuwa la maana na jibu alilopewa halikuwa kweli.

AFCON ya 2027 imepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Tumewahi kushiriki fainali hizo mara nne: Nigeria 1980, Misri 2019, Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, na Morocco zilizoanza Desemba 2025. Zote tulizifuata ugenini. Safari hii zinatufuata sisi, na kabla hazijafika tunatamani kuiona timu yetu ikijipima kwenye ardhi yetu. Ni hamu ya haki kabisa. Ila huku Kusini tumeizungushia maneno mengi yasiyo sahihi, na mengine yanatufanya tuidharau timu yetu au tujidharau wenyewe.

Nianze na hilo la bonanza, maana ndilo lililoenea kuliko yote: eti mechi ya kirafiki haihesabiwi popote.

Inahesabiwa. Tangu Agosti 2018 FIFA inapanga viwango vya timu za taifa kwa kuongeza na kupunguza pointi baada ya kila mechi, na kila aina ya mechi ina uzito wake. Ya kirafiki iliyochezwa nje ya kalenda ya FIFA, yaani nje ya siku ilizozitenga kwa mechi za timu za taifa, ina uzito wa 5. Ikichezwa ndani ya kalenda, uzito ni 10. Mechi ya kufuzu ni 25, ya makundi ya AFCON ni 35, na ya makundi ya Kombe la Dunia ni 50.

Pale kijiweni nilichana kipande cha boksi, nikaomba kalamu kwa muuza vocha, nikawaandikia. Chukua timu mbili zenye pointi sawa. Hesabu ya FIFA inaanza kwa kumpa kila mmoja matarajio ya nusu. Ukishinda unapata moja, ukitoka sare nusu, ukifungwa sifuri. Toa matarajio kwenye matokeo, kisha zidisha kwa uzito wa mechi. Mshindi wa mechi ya kirafiki ya ndani ya kalenda anaondoka na pointi 5, na aliyefungwa anapoteza 5. Ushindi wa namna hiyo kwenye mechi ya kufuzu ungempa 12.5, na kwenye makundi ya AFCON 17.5. Ni kidogo, kweli. Lakini si bure.

Kisha nikawaandikia mfano wa pili, na huo ndio uliomfanya yule kijana asogeze benchi. Tuseme tumemwalika mgeni aliye chini yetu kwa pointi 200. Tukimshinda tunapata kama pointi 3 tu. Tukitoka naye sare, tunapoteza karibu 2. Akitufunga, zinaondoka karibu 7. Maana yake, ile sare ya nyumbani na timu tunayoiita dhaifu, ambayo tunaondoka uwanjani tukisema "si haba", inaturudisha nyuma.

Dhana hii ina asili yake, haikuzuka tu. Kati ya 2006 na 2018 hesabu ilikuwa ya wastani, na mechi ya kirafiki, hata ukiishinda, iliweza kuushusha wastani wako. Poland walizikwepa mechi za kirafiki kabla ya upangaji wa makundi ya Kombe la Dunia la 2018 na wakaingia chungu cha kwanza, maana timu hugawanywa kwenye vyungu kwa viwango vyao kabla ya kupangwa makundi. Watu wakashika kwamba mechi hizo ni hasara au hazina maana. Hesabu ilibadilika, maneno yakabaki.

Na pointi hizo zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye vyungu. Makundi ya AFCON ya Morocco yalipopangwa, Tanzania ilikuwa chungu cha nne, cha mwisho. Ndiyo maana tukajikuta na Nigeria, Tunisia na Uganda. Vijana walipambana: wakafungwa 2-1 na Nigeria, wakatoka sare ya 1-1 na Uganda na nyingine kama hiyo na Tunisia, wakavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu wakiwa na pointi 2. Morocco wakatutoa 1-0 kwenye hatua ya 16 bora. Anayetaka tupande juu ya chungu cha nne asiite mechi yoyote ya Stars bonanza.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Wapo wanaoipa mechi ya kirafiki uzito usio wake: wakiona tumeshinda wanatangaza kombe, wakiona tumefungwa wanataka kocha afukuzwe usiku huohuo.

Tarehe 7 Juni 2010 Brazil walikuja Dar es Salaam kucheza na Stars, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Niliitazama kwenye kibanda umiza. Mabenchi yalijaa, watu wamesimama hadi mlangoni, feni moja inazunguka kwa shida. Robinho alifunga mawili, Ramires mawili, Kaka moja. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni bao la Jabir Aziz. Mtu aliyekuwa mbele yangu, simjui hata leo, aligeuka akanikumbatia huku akilia. Tulifungwa 5-1 na tukatoka tukiimba. Usiku ule kila mmoja pale kibandani aliapa kwamba Brazil ndio mabingwa. Tarehe 2 Julai wakatolewa na Uholanzi, 2-1, robo fainali.

Desemba 2012 ikawa zamu yetu kufurahi. Zambia walikuwa mabingwa wa Afrika, wanajiandaa kwenda kutetea kombe lao, wakaja Dar na Mrisho Ngassa akawafunga bao pekee la mchezo. Kwenye fainali za 2013 Zambia walitoka sare mechi zote tatu za kundi na kurudi nyumbani. Ukitazama hapo unaweza kusema mechi ya kirafiki ilitabiri. Lakini Januari 2024 sisi wenyewe tulifungwa 2-0 na Misri kule Cairo, tukaenda Ivory Coast, na baada ya kufungwa 3-0 na Morocco tukatoka sare ya 1-1 na Zambia na suluhu na DR Congo. Hapo matokeo ya kirafiki yanakuambia nini? Kwa ubao wa matokeo peke yake, karibu hakuna.

Ninavyoona mimi, kosa letu ni kuangalia ubao wakati kocha anaangalia vitu vingine kabisa. Mechi ya mashindano ina nafasi tano za kubadilisha wachezaji. Ya kirafiki inaruhusu zaidi, na dakika ya 60 ikishapita, timu unayoiona mara nyingi si ile iliyoanza. Kwa hiyo saa ya kwanza ndiyo yenye habari. Tazama mabeki wawili wa kati: wanaongea? Mmoja akipanda, mwenzake anabaki? Mpira ukipotea katikati, nani wa kwanza kurudi? Kona inapigwa na nani, na nani anabaki nyuma kulinda? Mtu akiyatazama hayo, hata kipigo cha mabao mawili kinamfundisha kitu. Kocha aliyepata mechi mbili tu za kujaribu hana muda wa kutufurahisha kwenye zote mbili.

Kuna maneno mengine yananiumiza zaidi, kwa sababu yanamgusa mtu. Mchezaji wetu wa nje asipoonekana kwenye mechi ya kirafiki, vijiweni anaitwa msaliti. "Ameshashiba, hataki tena nchi." Kabla ya kutamka hivyo, angalia tarehe. Klabu inalazimika kumwachia mchezaji ndani ya dirisha la FIFA tu, yaani zile siku za kalenda yake. Mechi ikipangwa nje ya dirisha, klabu ina haki ya kukataa, na mchezaji hana la kufanya. Dirisha la kawaida linaanza Jumatatu asubuhi na kufungwa Jumanne ya wiki inayofuata, na ndani yake timu hucheza mechi mbili. Hata fainali zenyewe zina mipaka: AFCON ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025, na FIFA iliruhusu klabu kukaa na wachezaji wao hadi tarehe 15. Siku sita! Kijana anatoka klabuni, anapanda ndege, anafika kambini, na siku sita baadaye fainali zimeanza. Hapo hakuna usaliti wa mtu. Kuna kalenda.

Jingine nalisikia zaidi wilaya za mpakani, Nanyumbu na Newala, ambako ukoo mmoja una watu ng'ambo zote mbili za Ruvuma: kwamba kijana mwenye asili ya nchi mbili akishachezea mechi moja ya kirafiki, basi amefungwa hapo maisha. Si kweli. Mechi ya kirafiki haimfungi mchezaji. Diego Costa aliichezea Brazil mechi mbili za kirafiki mwaka 2013, na baadaye akaichezea Hispania Kombe la Dunia.

Nimeliweka mwishoni lile linalotuhusu watu wa Kusini zaidi ya yote. Tunaambiana, na tumeshaamini, kwamba Stars hawawezi kucheza mechi ya kirafiki Mtwara au Lindi kwa sababu CAF, shirikisho la soka la Afrika, hairuhusu.

Najua imani hiyo imetoka wapi. Namungo ya Ruangwa ilipofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2020/21, watu wa Lindi waliiona fahari yao ikicheza "nyumbani" Dar es Salaam. Uwanja wa Majaliwa, wanakoishangilia kwenye ligi, haukutumika. Mtu wa Ruangwa alipanda basi usiku kwenda kuiona timu ya Ruangwa ikicheza nyumbani. Jambo kama hilo haliondoki kichwani. Kenya nao, Juni 2024, walicheza mechi zao za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia huko Lilongwe, Malawi, kwa sababu ya viwanja.

Lakini zitazame vizuri: zile ni mechi za mashindano. Ukaguzi wa CAF ni wa mashindano na mechi za kufuzu. Mechi ya kirafiki ni makubaliano ya vyama viwili vya soka, yenye vibali na waamuzi wanaotambulika, na haibebi masharti yote yale. Machi 2015 Stars waliikaribisha Malawi kwenye mechi ya kirafiki CCM Kirumba, Mwanza. Dar hawakuwa na hatimiliki ya timu ya taifa siku ile, na hawana leo.

Sitaki kudanganya mtu kwamba uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara unangoja wageni kesho. Kocha ataanza na nyasi, maana beki akiumia goti kwenye kirafiki, fainali amezikosa. Atauliza vyumba vya kubadilishia nguo, uwanja wa pili wa mazoezi, hoteli ya vikosi viwili, na ndege. Barabara nayo tunaijua: kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 na maji yakaikata kule Somanga, Kusini tulikaa kama kisiwani. Viwanja vilivyotajwa kwa AFCON upande wetu viko Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, na ni haki timu izoee nyasi itakazochezea. Hizo ni sababu za kweli, na kila moja inaweza kujibiwa kwa kazi na fedha. "CAF imekataa" haina jibu, ndiyo maana inatunyamazisha.

Haya yote niliyasema pale kijiweni, kwa kirefu kuliko hapa, mpaka kahawa ya pili ikapoa. Mzee alikichukua kile kipande cha boksi chenye hesabu, akakikunja mara mbili na kukitia mfuko wa kanzu. Akasema mnada wa korosho ukienda vizuri atakwenda Dar na mjukuu wake, mechi yoyote itakayotangazwa, awe mgeni yeyote. Halafu akaniuliza: "Na hiyo ya kuileta Nangwanda, barua anaandikiwa nani?"

Chama cha soka cha mkoa, nikamwambia, ndicho mwanachama wa TFF, shirikisho la soka nchini, waanzie huko. Yule kijana wa jezi akasema kalamu ya muuza vocha isirudishwe kwanza.